Faili la GMO likitua mezani kwako: namna ya kutathmini usalama wa mazao na vijidudu vilivyobadilishwa vinasaba

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye siku moja atakabidhiwa faili nene la maombi na kuambiwa atoe maoni. Huenda ni ofisa mazingira wa manispaa, mhitimu wa baiolojia aliyeingizwa kwenye kamati ya chuo, mwandishi wa habari za kilimo, au mfanyabiashara wa nafaka anayetaka kujua kwa nini mzigo wake umezuiwa bandarini. Huhitaji shahada ya uzamivu ili uulize maswali ya maana. Unahitaji mpangilio na ukaidi kidogo.

Kwanza ujue umesimama wapi kisheria. Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa bioteknolojia tangu 2003. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za usalama wa bioteknolojia za 2009, na dhamana iko Ofisi ya Makamu wa Rais. Majaribio ya mahindi ya GMO yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, yakasitishwa 2018, na mwaka 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza tena kusimamisha utafiti wa aina hiyo. Wapo wanaosema basi, kazi ya kutathmini haina maana tena. Mimi naona ina maana zaidi. Mwenye kukataza naye anahitaji sababu zinazosimama. Nafaka hazisomi matangazo ya wizara: Kenya iliondoa marufuku yake ya miaka kumi Oktoba 2022, uamuzi uliopingwa mahakamani, na mpaka wetu na wao ni mrefu. Isitoshe, maabara yoyote ya baiolojia ya molekuli hutumia bakteria waliobadilishwa kama nyenzo ya kawaida ya kazi.

Jambo moja likukae kichwani tangu mwanzo. Kauli za "GMO ni sumu" na "GMO ni salama" zote mbili si tathmini. Kinachotathminiwa ni zao hili, lenye jeni hii, likitumika namna hii, mahali hapa. Faili lililoandaliwa kwa ajili ya Iowa, Marekani, linaweza kuwa sahihi neno kwa neno na bado lisijibu swali hata moja la Kibaha.

Hatua ya 1: Jua hasa umeletewa kitu gani

Faili likiandika "mahindi ya Bt", yaani yaliyotiwa jeni ya bakteria Bacillus thuringiensis ili yatengeneze protini inayoua wadudu, na kuishia hapo, lirudishe. Unataka kujua mmea uliopokea jeni ni upi na wa aina gani, jeni ilitoka kwa kiumbe gani, iliunganishwa na vipande gani vya kuiwasha na kuizima, na ilijipachika wapi ndani ya vinasaba vya mmea. Huko kujipachika ndiko wataalamu wanakoita tukio, na kila tukio lina jina lake, kama MON 810 kwa mahindi.

Kwa nini ung'ang'anie jina la tukio? Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza kwamba karibu nusu ya viwavi wa kipepeo monaki walikufa walipolishwa majani yaliyonyunyiziwa chavua ya mahindi ya Bt. Habari ikazunguka dunia. Mwaka 2001 zikatoka tafiti za mashambani: chavua inayoangukia majani wanayokula viwavi hao ni kidogo mno kuwadhuru, isipokuwa ya tukio moja, Bt176, ambalo chavua yake ilibeba protini hiyo kwa wingi zaidi. Mahindi yote hayo yaliitwa Bt, lakini majibu yalikuwa tofauti. Kisa hicho kinafundisha pia kwamba sumu kuwapo ni jambo moja, na sumu kumfikia kiumbe kwa kiasi cha kumdhuru ni jambo lingine. Usipotenganisha mambo hayo mawili, utaandika hofu au utaandika matangazo ya biashara.

Hatua ya 2: Andika unacholinda, kisha fuata njia ya madhara kiungo kwa kiungo

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayokula muda wangu mwingi. "Kulinda mazingira" haitoshi. Unamlinda nani au nini? Nyuki wa msituni Pugu? Mbegu ya asili ya mkulima wa Mkuranga? Mtoto anayenyweshwa uji wa mahindi kila asubuhi? Andika jina lake. Baada ya hapo jiulize nini kitokee kwanza, kisha nini, kisha nini, mpaka madhara yamfikie.

Tuchukue muhogo, maana mifano ya mahindi imezoeleka mno. Ukanda wetu wa pwani unateswa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Amani, Tanga, miaka ya 1930. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa bioteknolojia ya Kenya iliidhinisha muhogo uliobadilishwa ili kuukinga. Tuseme leo umeletewa ombi la muhogo wa namna hiyo kupandwa Mkoa wa Pwani. Mtu wa mbali ataandika kwamba muhogo hupandwa kwa pingili, kwa hiyo jeni haiendi popote. Sisi tunaujua mpira, ule mti wa jamii ya muhogo uliosimama kwenye mipaka ya viwanja na nyuma ya nyumba, ambao majani yake huchumwa na kutwangwa: kisamvu cha mpira. Mti huo huzaana na muhogo. Watafiti wa Amani waliutumia kwa makusudi, wakauchanganya na muhogo ili kupata aina zinazostahimili magonjwa.

Sasa njia yenyewe. Kiungo cha kwanza: muhogo na mpira vitoe maua wakati mmoja, karibu karibu. Cha pili: nyuki au mdudu mwingine ahamishe chavua. Cha tatu: mbegu itunge, ianguke, iote. Cha nne: mche chotara uishi mpaka uzae. Cha tano: jeni mpya impe chotara nafuu ambayo wenzake hawana. Cha sita: nafuu hiyo igeuke madhara, mathalani chotara waenee na kusonga mimea mingine, au majani yanayochumwa kwa kisamvu yabadilike.

Usikimbilie kujibu vyote. Tafuta kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote, maana kimoja kikikatika kwa ushahidi, njia nzima imekatika. Viungo vitatu vya kwanza siwezi kuvitegemea, kwa sababu pwani vinawezekana. Kiungo cha tano ndicho cha kukazia macho. Kinga dhidi ya virusi inamnufaisha mpira ikiwa tu virusi hivyo ndivyo vinavyomdhoofisha sasa. Virusi vya michirizi ya kahawia vimekwisha kupatikana ndani ya mpira, jambo lililochapishwa mwaka 2011, kwa hiyo huwezi kuandika kwamba havimhusu. Lakini kupatikana si kudhoofisha. Swali la kumrudishia mwombaji linakuwa fupi na linapimika: je, mipira yenye virusi huzaa mbegu chache au hufa mapema kuliko isiyo navyo? Hilo hujibiwa kwa kwenda Bagamoyo na Mkuranga kuhesabu. Makala hamsini za kutoka kwingine hazitalijibu.

Ukifanya zoezi hili kwa njia tatu au nne tu, kwa utulivu, umefanya zaidi ya kamati nyingi.

Hatua ya 3: Linganisha na kilichopo

Itifaki yenyewe inasema hatari za kiumbe kilichobadilishwa zitazamwe kwa kulinganishwa na zile za ndugu yake ambaye hajabadilishwa. Muhogo tayari una sumu ya sianidi, GMO au si GMO. Cha kuuliza ni kama umezidi ule wa aina mama uliopandwa shamba hilohilo, msimu huohuo. Ukiletewa ulinganisho wa shamba la nchi moja na la nchi nyingine, ukatae.

Hatua ya 4: Fika jikoni

Hapa mwongozo wa kimataifa upo tayari. Tume ya Codex, ile ya kimataifa ya viwango vya chakula, ilitoa taratibu za mimea na za vijidudu mwaka 2003, na maabara nyingi zinazifuata. Kwa protini mpya utaona vipimo vinavyojirudia: mpangilio wake wa amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini, hulinganishwa na wa protini zinazojulikana kuleta mzio, na ukifanana kwa zaidi ya asilimia 35 katika kipande cha amino asidi 80, kengele inalia. Protini huwekwa pia kwenye tindikali yenye pepsini, kama tumboni, kuona inachukua muda gani kuvunjika. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha peke yake. Ndiyo maana hukusanywa vyote.

Taratibu hizi zikifuatwa kwa uaminifu, hufanya kazi. Miaka ya 1990 kampuni ya Pioneer Hi-Bred ilitia kwenye soya jeni kutoka njugu za Brazil ili kuongeza amino asidi ya methionini. Damu ya watu wenye mzio wa njugu hizo ilipopimwa dhidi ya soya hiyo, iliitikia. Matokeo yakachapishwa mwaka 1996 na mradi ukafungwa kabla soya haijafika sokoni. Nakitaja kisa hiki kwa pande zote mbili: anayesema hatari hazipo ajibu kuhusu njugu, na anayesema hakuna anayepima ajibu vilevile.

Kinachokosekana kwenye mafaili mengi ni mlo wetu. Nchi ambako data nyingi hutoka, sehemu kubwa ya mahindi huenda kwa mifugo na viwandani. Hapa mtu anakula ugali mchana, na jioni akirudi anaukuta. Fanya hesabu mwenyewe. Kwa tarakimu za mfano tu, tuseme kila gramu ya unga ina mikrogramu 0.5 za protini mpya. Mtu mzima wa kilo 60 anayekula unga wa gramu 500 kwa siku anapata mikrogramu 250, yaani kama 4 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa kilo 12 anayekula gramu 150 anapata 75 tu, lakini kwa kila kilo ni zaidi ya 6. Mtoto amemzidi baba yake. Kiasi hicho ndicho cha kulinganisha na kile ambacho wanyama wa majaribio walipewa bila kudhurika, na mwombaji aonyeshe kwamba pengo kati yake na ulaji wa mtoto ni kubwa. Akileta wastani wa ulaji wa Ulaya, muombe aanze upya.

Hatua ya 5: Toka nje, tazama shamba na barabara

Mahindi hayana ndugu wa mwituni Tanzania. Nenda moja kwa moja kwenye jeni kuhama kutoka mahindi hadi mahindi. Mtama una ndugu wa mwituni, mpunga unao, kunde zinazo, kwa hiyo kwa mazao hayo rudi hatua ya 2 na uifanye upya.

Jijini Dar es Salaam njia kubwa ya jeni kusafiri ni gunia, wala si upepo. Kwetu punje ya kula ndiyo mbegu. Mtu ananunua debe Tandale, anasaga nyingi, anabakiza kidogo, mvua za masika zikianza anachimbia kwenye kiwanja ambacho hakijajengwa. Pita kando ya Barabara ya Mandela baada ya mvua, pale malori yanapoegesha: utakuta miche ya mahindi imeota kwenye kokoto, mingine imekwisha kufika magotini, na hakuna aliyeipanda. Kwa hiyo ombi likisema nafaka inaingizwa "kwa chakula tu", usiridhike na maneno hayo. Inaingia ikiwa nzima au imesagwa? Ikisagwa bandarini, njia ya mbegu imekatika kwa gharama ndogo kuliko doria yoyote.

Marekani nao walidhani matumizi yanaweza kutenganishwa. Mahindi ya StarLink yaliruhusiwa mwaka 1998 kwa chakula cha mifugo na matumizi ya viwandani yasiyo ya chakula pekee, kwa sababu protini yake, Cry9C, ilikuwa nzito kuvunjika na wasiwasi wa mzio haukuwa umeondolewa. Mwaka 2000 yakakutwa kwenye vyakula vya watu madukani. Kama wao, wenye maghala na mikataba ya kila aina, walishindwa, usiniambie soko la Tandale litaweza kutenga gunia la kuku na la ugali.

Wadudu nao hawalali. Mahindi ya Bt yanalenga bungua wa mabua, na baadhi yana nguvu kiasi dhidi ya viwavijeshi vamizi. Afrika Kusini bungua aina ya Busseola fusca walianza kustahimili protini ya Cry1Ab, jambo lililoripotiwa mwaka 2007. Dawa ya usugu huo ni kimbilio, yaani sehemu ya shamba kupandwa mahindi ya kawaida ili wadudu wasio sugu wabaki wa kuzaana na walio sugu. Kwenye shamba la eka mia kimbilio ni rahisi. Kwa mwenye robo eka Chanika, kumwambia atenge mistari kwa ajili ya bungua ni mzaha. Ombi lisiloeleza usugu utadhibitiwaje kwa wakulima wadogo halijakamilika, hata kama sehemu ya chakula ni safi kabisa.

Hatua ya 6: Vijidudu vina kanuni zao

Mmea ukikosea kuupanda, utaung'oa. Bakteria hawang'oleki. Wanaongezeka kwa saa, hawaonekani, na wanapeana jeni hata na wasio wa jamii yao. Uwanja huu una historia ya tahadhari tangu mkutano wa Asilomar, California, Februari 1975, ambapo wanasayansi wenyewe walikaa kupanga masharti ya kazi yao.

Anza na kundi la hatari la kiumbe mwenyewe, 1 mpaka 4 kwa mpangilio uliozoeleka. E. koli wa maabara wa ukoo wa K-12 ni dhaifu na hajijengi vizuri kwenye utumbo wa mtu. Kijidudu cha kundi la 3 ni habari nyingine hata kama jeni uliyomtia haina neno. Kisha uliza jeni imekaa kwenye plazimidi, yaani kipete kidogo cha vinasaba kilicho nje ya kromosomu, au kwenye kromosomu, maana plazimidi huhama kwa urahisi zaidi. Uliza kama jeni ya usugu wa antibiotiki iliyotumika kuchagulia bado imo, na kama antibiotiki hiyo inatumika hospitalini kwetu. Uliza anaishi siku ngapi kwenye udongo na maji ya joto la Dar, kwa kuwa vipimo vya nyuzi 15 havitufai.

Mfano mgumu wa kujipimia: chanjo ya kipindupindu ya Vaxchora, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa wasafiri. Ni Vibrio cholerae hai, ambaye sehemu kubwa ya jeni ya kipande A cha sumu imeondolewa, na kwingineko akawekewa jeni ya kustahimili zebaki kama alama. Aliyechanjwa anaweza kumtoa kwenye choo kwa siku kadhaa. Kwa msafiri anayerudi kwenye choo cha mfereji wa maji taka, suala ni dogo. Weka sasa kwenye mtaa ambao vyoo vya shimo hujaa masika na Msimbazi unafurika Jangwani. Jeni za sumu ya kipindupindu hubebwa na kirusi kinachoingia ndani ya bakteria, kwa hiyo tathmini ya hapa lazima iulize: huyu wa chanjo akikutana na vibrio wa mwituni, anaweza kurudishiwa alichonyang'anywa? Na akirudishiwa, tutakuwa na tatizo lililo kubwa kuliko kipindupindu tulicho nacho tayari? Swali la pili watu hulisahau, na mara nyingi ndilo linaloamua.

Kwa kijidudu cha maabara tu, acha karatasi uende ukaangalie taka. Mfuko wa taka unaotoka kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, huwa na utepe wenye mistari, na mistari ikigeuka myeusi watu husema tayari. Utepe ule unaonyesha kwamba nje ya mfuko pamepata joto. Mfuko ukijazwa mpaka pomoni, katikati panaweza kubaki vuguvugu na bakteria wakatoka wazima. Kinachothibitisha ni kichupa cha spora, yaani hali sugu ya bakteria, za Geobacillus stearothermophilus kinachowekwa katikati ya mfuko: baada ya nyuzi 121 kwa muda uliopangwa, spora zisiote. Omba daftari la vipimo hivyo. Uliza pia umeme ukikatika katikati ya mzunguko nani anarudia, na anajuaje. Sinki lina mabaki ya mchuzi wa kukuzia bakteria? Umeshapata jibu lako.

Hatua ya 7: Pima, na useme wazi usichokijua

Kwa kila njia ya madhara, andika uwezekano wake na uzito wake: mdogo, wa kati, mkubwa. Usijidanganye kwa kuzidisha namba ulizobuni. Sentensi moja ya sababu inashinda jedwali la rangi. Kiambatisho cha Tatu cha Itifaki kinaelekeza kwamba upungufu wa maarifa ya kisayansi usichukuliwe moja kwa moja kuwa ni dalili ya hatari, wala ya usalama. Kwa hiyo penye pengo kuna mambo mawili ya kufanya: kuomba taarifa, au kuweka masharti na ufuatiliaji. "Hakuna ushahidi wa madhara" iandike pale tu ambapo mtu aliutafuta, na useme aliutafuta vipi.

Bei ya mbegu, nani anamiliki hataza na mkulima atafungwa kwa nani ni maswali mazito, lakini yapewe sura yake. Nimeona ripoti ambapo hasira dhidi ya kampuni imevaa koti la sumu, na mwombaji akaibomoa sehemu ya sumu kwa dakika tano na yale ya haki yakaenda nayo.

Hatua ya 8: Masharti yenye mtu wa kuyasimamia

Kila sharti liwe na jina la cheo, tarehe na namna ya kukagua. "Shamba litengwe" halitoshi. Kwa mahindi ya majaribio kwa kawaida hutakiwa mita 200 au zaidi kutoka mahindi mengine, au kupishanisha muda wa kupanda ili maua yasikutane, pamoja na uzio, mlinzi, na kurudi kung'oa maotea msimu unaofuata.

Kabla hujasaini, hakikisha mwombaji amekabidhi njia ya kulitambua tukio lake kwa PCR, kipimo cha vinasaba cha maabara, pamoja na sampuli ya kulinganishia, na kwamba kuna maabara nchini iliyojaribu njia hiyo ikapata jibu sahihi. Vipimo vya jumla vitasema tu kuna GMO kwenye gunia. Bila sampuli hiyo, siku mche ukikutwa kando ya Mandela hakuna atakayeweza kusema ni wa nani.